Sayansi ya maada ishuke hadi Kikuubo

Kuna kazi moja ambayo wazazi wengi wa Kampala hawaijui hata kwa jina, ingawa ndiyo inayoamua kama paa la nyumba yako litadumu miaka 30 au litaanza kuvuja kabla mtoto wako hajamaliza darasa la saba. Ni kazi ya mwanasayansi wa maada. Daktari tunamjua, mwanasheria tunamjua, mhandisi tunamtambua kwa kofia yake ngumu. Huyu wa maada hakuna mzazi anayemtamani mwanawe awe kama yeye, kwa sababu hatujui anashinda wapi wala anakula nini.

Kwa lugha nyepesi, huyu ni mtu anayevihoji vitu. Chuma hiki kimechanganywa na nini? Kitapinda kwa mzigo gani, na kitakatika kwa mzigo gani? Plastiki hii ikikaa juani mwaka mzima itabaki kuwa jerikeni au itakuwa chenga? Udongo huu unafaa tofali au unafaa chungu? Akishapata majibu, hutafuta namna ya kukifanya kitu hicho kiwe imara zaidi, chepesi zaidi au cha bei nafuu zaidi.

Hoja yangu leo ni kwamba elimu hii imekaa mbali mno na watu wanaoihitaji. Imefungiwa katika maabara za Bweyogerere, Kireka na Makerere, wakati mabati, nondo na saruji zinanunuliwa Kikuubo, Ndeeba na Nakasero, kisha zinapakiwa kwenye malori kwenda Elegu, Mpondwe na Mutukula. Anayelipa gharama ya umbali huo ni mfanyabiashara wa mpakani, pamoja na mtu aliyerudi nyumbani akiwa na akiba ya kujenga nyumba moja tu maishani mwake.

Nazungumza kama mwalimu wa fizikia, na pia kama mtu aliyerudi. Wazazi wangu walikimbia vita vya Luwero mwaka 1983, mimi nikiwa na miaka mitatu, tukavuka Mutukula na kuingia Tanzania. Shule ya msingi nilisoma Bukoba, sekondari nikasoma Mwanza. Katika shule za msingi za serikali kule, sayansi hufundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wetu aliandika ubaoni maada, tungamo, kani na msongamano, na jioni tulipofika nyumbani tuliweza kumweleza mama tulichojifunza huku tukimsaidia kuchambua maharage.

Niliporudi Kampala mwaka 1999 nilikuta wanafunzi hodari kuliko sisi kwa kukariri. Walijua tafsiri ya kila neno la kitabu kwa Kiingereza. Lakini mtoto ambaye mama yake anauza sufuria Owino hakuweza kumweleza mama huyo kwa nini sufuria moja hutoboka mapema na nyingine hudumu. Elimu ilikuwa imeishia kwenye geti la shule. Kwa kiasi kikubwa, bado inaishia hapo hapo.

Wapo wanaodhani kwamba sayansi hii ni ya Wazungu na Wachina, sisi kazi yetu ni kununua. Hao nawakumbusha habari za jirani zetu Wahaya. Mwaka 1978 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba mafundi wa upande wa magharibi wa Ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Siri yao ilikuwa kuipasha moto hewa kabla haijakutana na mkaa ndani ya tanuru. Katika miaka hiyo ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuru la namna hiyo na kuyeyusha chuma, watafiti wakipima na kuandika. Bukoba nilikosoma mimi iko huko huko, lakini darasani hatukuambiwa kwamba babu za watoto tuliokaa nao dawati moja walikuwa wanasayansi wa maada.

Sasa tuje dukani. Mtu aliyerudi kutoka ukimbizini kitu cha kwanza anachotaka ni paa lake mwenyewe. Amelala chini ya turubai miaka mingi, au amepanga chumba kwenye mji wa watu. Akifika duka la vifaa vya ujenzi anaulizwa, "Unataka geji ngapi?" Anajibu 30 au 32 kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na fundi. Wengi hawajui kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Mtu asiyejua hili anaweza kudhani amepewa kitu bora kwa sababu namba ni kubwa.

Hata anayejua hana uhakika, kwa sababu geji ni jina tu. Kitu cha kuuliza ni milimita. Chukua bati bapa lenye unene wa milimita 0.30: mita moja ya mraba ina uzito wa karibu kilo 2.36. Lenye milimita 0.25 lina karibu kilo 1.96. Tofauti ya milimita 0.05 ni kama unene wa unywele mmoja, jicho haliwezi kuiona, lakini ni sehemu moja kati ya sita ya chuma ulichodhani umelipia. Mtu akinunua mabati 60 ya namna hiyo, ni sawa na kulipia 60 akapewa chuma cha mabati 50.

Halafu kuna zinki. Bati halizuiwi kuoza na unene peke yake, bali pia na utando wa zinki uliopakwa juu ya chuma. Zinki ina tabia ya kuliwa yenyewe kabla ya chuma, hata pale bati linapokwaruzwa kidogo. Kwa hiyo muda wa paa lako unategemea ni gramu ngapi za zinki zimewekwa kwenye kila mita ya mraba. Mpimaji hukata kipande cha bati, akakipima uzito, akakitia kwenye asidi inayoyeyusha zinki, kisha akakipima tena. Uzito uliopungua ndio zinki iliyokuwapo. Ni kazi ya muda mfupi tu katika maabara. Dukani hakuna mtu anayeweza kukwambia jambo hilo, na mwenye duka mwenyewe mara nyingi hajui, kwa sababu naye ameuziwa kwa jina tu.

Kwenye nondo mambo ni rahisi zaidi, na hapa naomba mfanyabiashara wa Elegu au Mutukula achukue kalamu. Ukitaka kujua uzito halali wa nondo, chukua kipenyo chake kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita moja. Nondo ya milimita 12: 12 mara 12 ni 144, gawanya kwa 162, unapata kilo 0.89 kwa mita. Nondo nzima ya mita 12 iwe na karibu kilo 10.7. Nondo ya milimita 10 inapata kilo 0.62 kwa mita, yaani karibu kilo 7.4 kwa mita 12. Ya milimita 16 inapata kilo 1.58 kwa mita.

Kiwango huruhusu tofauti ndogo juu au chini ya hapo, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotoa nondo zinazolingana kama sarafu. Lakini ukiweka kwenye mizani nondo inayoitwa 12 ikaleta kilo 9, ujue hiyo ni 11 iliyovaa jina la 12. Milimita moja ikipungua hapo, karibu asilimia 16 ya chuma imekwenda. Aliyepewa milimita 10 akaambiwa ni 12 amepoteza karibu asilimia 31. Mizani ya kupimia kahawa au maharage inatosha kugundua wizi huo. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza. Kinachokosekana ni mtu wa kuileta hesabu hiyo sokoni.

Uzito, hata hivyo, hausemi kila kitu. Nondo inaweza kuwa na kilo zake zote na bado ikawa ya chuma kibaya, kilichoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu bila kuangalia kilichomo. Chuma kizuri cha zege huvutika kwanza kabla ya kukatika, na kule kuvutika ndiko kunakowapa watu muda wa kuona ufa na kukimbia. Chuma kibaya hukatika ghafla kama muwa mkavu. Hapo mizani haitoshi, anahitajika mtu mwenye mashine ya kuvuta na elimu ya kusoma inachosema.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi hii. Nilimfundisha fizikia kuanzia kidato cha kwanza, akaenda chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa amekuwa akipima zege na vyuma kwenye miradi ya ujenzi hapa mjini na mikoani. Nilimuuliza siku yake inakuwaje. Akaniambia asubuhi husubiri gari la zege, huchota kidogo na kulijaza kwenye kopo la chuma lenye umbo la pia iliyokatwa ncha, kisha hulinyanyua kopo na kuangalia zege linakaa au linaporomoka. Likiporomoka sana, maji yamezidi.

Baada ya hapo hujaza visanduku vya sentimita 15 kila upande, huvipa namba na tarehe, na kesho yake huvifungua na kuvilaza majini. Siku ya 7 huvunja baadhi kwa mashine, na siku ya 28 huvunja vilivyobaki. Zege la nguvu ya niutoni 25 kwa milimita ya mraba linatakiwa libebe karibu tani 57 kwenye kimchemraba kimoja kabla hakijapasuka. Ndiyo maana mfuko wa saruji huandikwa 32.5 au 42.5. Hizo ni niutoni kwa milimita ya mraba ambazo saruji hiyo inapaswa kufikisha ikipimwa maabara baada ya siku 28. Nimekutana na wafanyabiashara walioiuza saruji hiyo miaka 10 wakidhani 42.5 ni alama ya kiwanda.

Nilimuuliza pia ugumu wa kazi uko wapi. Nilitarajia ataje mashine au jua kali. Akasema ugumu uko siku ya 28, pale mchemraba unapopasuka kwenye tani 35 na msimamizi amesimama nyuma yako akisema, "Kijana, andika 57, ghorofa ya pili imeshamwagwa." Katika kampuni moja alikataa kuandika, na mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Sitaitaja kampuni hiyo wala yeye. Namtaja kwa sababu tunapozungumzia ajira ya mwanasayansi wa maada, tusidhani ni kukaa na koti jeupe. Ni kazi ya kuweka sahihi juu ya ukweli wakati watu wenye fedha wanataka ukweli mwingine.

Nchi hii inajua gharama ya sahihi za uongo na za kutokuwapo kwa sahihi kabisa. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliwaangukia vibarua. Mwaka 2006 kanisa liliporomoka Kalerwe waumini wakiwa ndani. Mwaka 2008 jengo la shule lilianguka Naalya. Mwaka 2020 jengo jingine lilianguka Kansanga. Katika kila tukio watu walikufa. Sababu za jengo kuanguka huwa nyingi: msingi mbovu, michoro mibovu, haraka, ghorofa zilizoongezwa bila kibali. Lakini jengo lolote husimama kwa zege na chuma, na vitu hivyo viwili vinapimika kabla mtu hajaingia ndani. Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013. Hata hivyo sheria haina mikono, na mikono yake ni vijana kama huyu mwanafunzi wangu.

Tuangalie pia kaveera, maana hapa wafanyabiashara wa mpakani wameumia. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Sisi tulianza na Sheria ya Fedha ya mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 ikakataza mifuko iliyo chini ya maikroni 30. Swali langu ni dogo: nani sokoni anayejua maikroni 30 inaonekanaje? Ni milimita 0.03. Muuzaji haioni, mnunuzi haioni, na askari anayekamata mzigo naye haioni. Sheria iliyoandikwa kwa kipimo ikitekelezwa na watu wasio na kipimo, kinachobaki ni mazungumzo ya pembeni, na kila mfanyabiashara anajua mazungumzo hayo huishia mfukoni mwa nani.

Najua jibu nitakalopewa Kikuubo. Nitaambiwa, "Mwalimu, wewe hujui biashara. Wapimaji tunawajua. Wakija, duka linafungwa." Malalamiko haya yana msingi. Kwa miaka mingi mfanyabiashara amekutana na kipimo siku ya kukamatwa tu. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limeanza kazi tangu 1989, lina maabara kubwa Bweyogerere na lina watu mipakani. Lakini mama anayenunua mabati 200 kwa mkopo ili ayapeleke Juba anakutana nalo akiwa ameshalipa, ameshapakia na ameshafika mpakani. Akiambiwa hapo kwamba mzigo hautimizi kiwango, hasara ni yake, wakati aliyemuuzia yuko Kampala anahesabu fedha. Kipimo kinachokuja mwisho wa safari humwadhibu asiye na kosa.

Suluhisho, kwa maoni yangu, ni kukileta kipimo mwanzoni mwa safari. Kiwekwe pale mzigo unaponunuliwa, kabla fedha haijatoka mkononi. Mfanyabiashara akikitumia kipimo yeye mwenyewe, kinageuka kuwa silaha yake. Anamwambia mwenye jumla, "Nondo yako ni kilo 9, nipunguzie bei au chukua mzigo wako." Hapo hata kiwanda kinachodanganya kitapata habari haraka kuliko kwa barua ya serikali.

Nitaambiwa pia kwamba maskini ananunua bati jembamba kwa sababu ndilo analoliweza, tukibana sana atakosa paa. Sina ugomvi na bati jembamba. Mtu mwenye fedha ya geji 32 anunue geji 32, aezeke kibanda chake cha kuku au hata nyumba yake, akijua anachonunua na akilipa bei yake. Ugomvi wangu ni na bati jembamba linalouzwa kwa bei na jina la bati nene. Tajiri akidanganywa ataezeka upya. Aliyerudi na akiba moja hana mara ya pili.

Wafanyabiashara wa mahindi wameshaonja ubaya wa kukosa kipimo chao. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama, bei zikayumba, na wakulima wetu hawakuwa na majibu ya kuweka mezani mbali na maneno. Asiye na kipimo chake hutawaliwa na kipimo cha mwenzake. Leo ni mahindi, kesho inaweza kuwa saruji, mabati, godoro au sufuria. Jumuiya yetu imekua, Sudan Kusini iliingia 2016, Kongo ikaingia 2022, Somalia ikafuata 2024. Tumekubaliana viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki vya mabati, nondo na saruji. Katika soko kubwa namna hiyo, atakayekuwa na cheti cha kuaminika atauza, na asiyekuwa nacho atauza kwa bei ya kutupa.

Katwe nako kunanihusu, maana sufuria za pale zinasafiri mpaka Arua na Juba. Mafundi wale wana mikono ya dhahabu. Wanayeyusha vipande vya injini, makopo na vyuma chakavu vya alumini na kutoa sufuria zinazowalisha mamilioni. Uchunguzi uliofanywa Kameruni na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sufuria zinazotengenezwa kwa njia hiyo zinaweza kutoa risasi ikaingia kwenye chakula, na risasi huharibu akili ya mtoto taratibu bila mama kujua. Taarifa kama hiyo inaweza kuivunja biashara ya fundi mwaminifu pamoja na ya fundi mzembe. Wa kumtenganisha mmoja na mwingine ni mwenye kipimo peke yake. Naye anaweza kumwambia fundi ni chakavu gani aweke kando kabla ya kuyeyusha, jambo ambalo halimgharimu hata shilingi.

Nisionekane nasema mwanasayansi wa maada ni mtu wa kukagua makosa tu. Upo upande wa kutengeneza, na Makerere imetuonyesha. Moses Musaazi, mhandisi wa chuo hicho, alibuni taulo za kike za MakaPads kutokana na mafunjo yetu ya kinamasi na karatasi taka. Shirika la wakimbizi la UNHCR lilizinunua kwa ajili ya wasichana na wanawake wa makambini, na baadhi ya wakimbizi wenyewe wakapata ajira ya kuzitengeneza. Huyo huyo aliendeleza tofali za udongo zinazofungamana, zinazochanganywa na saruji kidogo na kugandamizwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Kwa mtu aliyerudi kijijini akakuta miti imekwisha, tofali lisilohitaji kuni ni jambo kubwa. Lakini hata tofali hilo linahitaji mtu wa kupima udongo kwanza, maana udongo wa Luwero si wa Gulu.

Na kabla ya hao wote walikuwapo mafundi wa lubugo, wanaoubandua mti wa mutuba ganda lake, wanaufunika kwa majani ya migomba ili uote ganda jipya, na kulitwanga lile ganda mpaka liwe kitambaa. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Wahandisi wa nguo wa Chuo Kikuu cha Busitema wameuchunguza lubugo kama nyuzi za kuimarishia plastiki ngumu. Hiyo ni bidhaa mpya kutokana na kitu ambacho sisi tunakiona cha mazishi tu. Mfanyabiashara mwenye jicho angeshaanza kuuliza itapatikana lini na kwa bei gani.

Sasa niwaguse wenzangu walimu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari za serikali hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Wenzetu wa masomo ya sanaa waligoma, na sikuwalaumu. Fedha hiyo inatoka kwenye kodi, na kodi nyingi ya mji huu inatoka Kikuubo na Owino. Mwenye duka ana haki ya kutuuliza: mwalimu wa fizikia, nimekuongezea mshahara, mimi umeniongezea nini? Kama jibu letu ni matokeo ya mtihani peke yake, hatujajibu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, UNBS na Mamlaka ya Jiji la Kampala waweke meza ya kipimo katika masoko makubwa ya vifaa na katika vituo vya mpakani. Meza hiyo iwe na mizani, maikromita ya kupimia unene na kijana mmoja aliyesoma, na bei ya huduma ibandikwe ukutani. Vitu vinavyohitaji maabara, kama zinki na nguvu ya nondo, meza ipokee sampuli na kuzipeleka Bweyogerere, majibu yarudi kwa simu.

Pili, risiti ya mabati iandike milimita, na risiti ya nondo iandike kipenyo na kilo. KACITA, chama cha wafanyabiashara wa jiji, kinaweza kulianzisha hili kwa wanachama wake bila kusubiri sheria. Chama hicho kinaweza pia kumwajiri mhitimu mmoja wa fani hii, kama kinavyotafuta wanasheria pale kinapobanwa na kodi. Hapo ndipo mzazi wa Kampala atakapoanza kuona kwamba kazi hii ina mlango na ina mshahara.

Tatu, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unawataka wanafunzi wafanye miradi. Wengi wanatengeneza mazulia na sabuni ya maji, si vibaya. Lakini mwanafunzi wa Ndeeba apewe mradi wa kupima nondo za mtaa wake. Mwanafunzi wa Mutukula apime unene wa mifuko inayovuka mpaka. Wa Katwe apime msongamano wa alumini ya sufuria kwa ndoo ya maji na mizani. Matokeo yabandikwe sokoni, si kwenye faili la mwalimu.

Nne, maelezo hayo yawe kwa lugha ya biashara. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tusikiache kiwe somo la methali na barua za kirafiki pekee. Dereva wa Bunia, mchuuzi wa Busia na mama wa Nimule wanaelewana kwa Kiswahili wanapopatana bei. Karatasi moja yenye hesabu ile ya 162 na maana ya 42.5, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ghala, itaokoa fedha nyingi kuliko semina ya hotelini.

Kwa wale mliorudi kama mimi, mnaotafuta kiwanja Wakiso au mnaorudisha kuta za baba huko vijijini, nawaomba msiwe wanyonge dukani. Tulizoea ukimbizini kupokea tulichopewa na kushukuru, maana turubai la msaada halina mjadala. Hapa unalipa. Omba milimita, omba kilo, omba mizani iletwe. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeomba kupima, ameshakupa jibu.

Na kwa mzazi mwenye kijana anayependa kuvunja redio aone kilichomo ndani, usimkemee. Hicho ndicho anachokifanya mwanasayansi wa maada kila siku, tofauti ni kwamba yeye hulipwa. Nchi yenye mipaka mitano na malori yanayotoka usiku na mchana haiwezi kukosa kazi ya kumpa, ikiamua kwamba kupima ni sehemu ya biashara.